Meza Iliyopasuka Usiku



Nina kisa cha meza, nacho ndicho kilichonitia katika habari hizi ninazotaka kuwapa jioni ya leo. Miaka kadhaa iliyopita nilihama kutoka Tanga kwenda Dodoma, na katika vyombo nilivyopakia kwenye lori ilikuwamo meza ya kulia chakula. Ilikuwa meza nzuri. Sehemu ya juu ilikuwa na upana wa karibu mita moja, imeungwa kwa mbao tano, ikapakwa vanishi mpaka unaona uso wako. Tulifika Dodoma mwezi wa Juni. Usiku mmoja wa Septemba, tumelala, tukasikia mlio sebuleni kama wa fimbo kavu inayovunjwa gotini. Mke wangu akadhani ni mwizi. Nikawasha taa, hapakuwa na mtu. Meza ilikuwa imepasuka. Ufa ulikwenda kutoka ncha hadi ncha, na ulitosha kupitisha sarafu.

Nilimlaumu aliyeitengeneza, nikailaumu barabara, nikawalaumu vijana walioibeba. Kisha nikamwita seremala mmoja mzee wa jirani. Hakuutazama ule ufa hata kidogo. Aliipindua meza miguu juu, akapitisha kidole kwenye fremu, akaniambia: "Mwanangu, ubao ulitaka kusinyaa. Wameugundisha na kuupigilia misumari pande zote nne. Ungefanyaje?"

Swali lile sijalisahau. Tangu siku hiyo nimesoma juu ya samani, nimekaa na mafundi wa Keko na kwingineko, na kila ninakogeuka nalikuta swali la mzee yule. Leo nawaletea niliyoyapata.

Mti ni fungu la mirija myembamba mno, inayopandisha maji kutoka mizizini. Ukikatwa, maji yamo mahali pawili: katika uwazi wa mirija, na katika kuta za mirija yenyewe. Yale ya kwenye uwazi hutoka kwanza, na hayo yakitoka ubao hupungua uzito tu, umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka hadi kama asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, ndipo kuta zinapoanza kukauka, na ndipo ubao unaposinyaa. Nao hausinyai sawasawa. Kwa urefu, karibu hausinyai kabisa. Kwa upana, ubao uliopasuliwa kwa kufuata pete za mti waweza kupungua kama asilimia 8 tangu ubichi hadi ukavu wa mwisho. Uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo hupungua kama nusu ya hapo. Ndiyo maana mbao zilizoachwa juani hupinda kama magae ya chungu. Upande mmoja unavuta kuliko mwenziwe.

Na ubao ukishakauka haujamaliza safari. Masika ikiingia, zile kuta hunywa unyevu wa hewani na ubao hutanuka. Kiangazi kikirudi, husinyaa. Mnayajua haya majumbani mwenu. Kabati lile ambalo mwezi wa Aprili mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa bega, mwezi wa Agosti unafunga wenyewe na mwanya juu yake. Meza yenye upana wa mita moja yaweza kucheza sentimita nzima kati ya msimu na msimu. Sentimita moja ni nyingi, jamani. Hakuna msumari unaoizuia, ndiyo maana meza yangu iliyotoka katika unyevu wa Tanga ikapasuka katika ukavu wa Dodoma.

Kwa hiyo mtu yeyote aliyewahi kutengeneza kiti, kitanda au sanduku alilazimika kuamua: sentimita hiyo itakwenda wapi?

Wamisri wa kale waliamua mapema. Walikuwa maskini wa mbao. Miti yao ilikuwa mikuyu, migunga na mingine ya nchi kavu, magogo mafupi yaliyojipinda. Mbao ndefu za mierezi ziliwajia kwa bahari kutoka Lebanoni, na mbao nyeusi, ya thamani kuliko zote, ilitoka kusini, Nubia na nchi waliyoiita Punt. Jina walilolipa mbao hiyo lilipita kwa Wayunani, likapita kwa Waarabu, likatufikia sisi likiwa abunusi. Wataalamu walioichunguza wanasema abunusi ya Wamisri ni mpingo, aina ile ile ya mti unaoota Kilwa na Nachingwea. Nilipolijua hili nilikaa nikakitazama kinyago kidogo cha Kimakonde nilicho nacho mezani kwa heshima mpya.

Uhaba ukawafunza kuunga. Walichonga ulimi katika kipande kimoja na tundu katika kingine, wakavikutanisha, wakatia kijiti cha kukazia. Wakatumia gundi iliyopikwa kwa ngozi na mifupa. Mwanaakiolojia Howard Carter alipolifungua kaburi la mfalme Tutankhamun mwaka 1922, alikuta humo vigoda vya kukunja na hata kitanda cha safari kinachokunjwa mara tatu kwa bawaba za shaba, kazi ya zaidi ya miaka 3,200. Na katika mahandaki ya piramidi ya ngazi ya Saqqara, iliyo ya kale zaidi ya hapo kwa karne nyingi, kulipatikana kipande cha jeneza kilichotengenezwa kwa tabaka 6 za mbao, kila tabaka unene wa kama milimita 4, moja imelazwa kwa urefu, inayofuata kwa upana. Hiyo, msikilizaji, ni plaiwudi. Aliyeitengeneza alikwishajua kwamba ubao hausinyai kwa urefu. Akaulaza mwenzake juu yake kinyume ili kila mmoja amzuie mwingine. Ilipita miaka zaidi ya 4,000 kabla viwanda havijaifanya kazi hiyo kuwa ya kila siku.

Nikitaja vigoda vya kukunja, kumbukeni vilivyomo nyumbani. Kibao cha mbuzi anachokalia mama akikuna nazi kinakunjika, kinawekwa nyuma ya mlango kikisubiri kesho. Marufaa ya kuwekea Msahafu ni ajabu zaidi: ubao mmoja, umepasuliwa katikati ya unene wake na kuchongwa vidole vinavyoshikana, ukifunguliwa unasimama kama herufi eksi. Hauna gundi wala msumari, na bawaba yake imetoka ndani ya ubao ule ule. Nimekutana na watu waliosoma uhandisi wakashindwa kunieleza fundi anaanzia wapi kuukata.

Sisi wa pwani tulilijibu swali la ile sentimita kwa kamba. Chukueni kitanda cha kuwamba. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, cha mchagoni na cha miguuni, kila kimoja kikiingia kwenye tendegu kwa ulimi. Kisha kinawambwa kwa kamba. Kamba ikikazwa inaivuta mifumbati ndani, na mifumbati inayasukuma matendegu yavibane vitakizo. Mzigo wa mtu aliyelala unazidi kuvikaza viungo. Mbao zikisinyaa kiangazi, unakaza kamba upya asubuhi moja, basi. Hakuna ubao mpana wa kupasuka, kwa sababu upana wote umeachiwa kamba.

Kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu kimefuata akili hiyo hiyo kwa hali ya juu. Ni kiti cha mpingo chenye egemeo refu na mahali pa kuwekea miguu, kimetiwa nakshi za pembe au mfupa, hukikalia mgeni wa heshima. Watafiti wamebishana asili yake. Wako wanaotazama Misri ya Wamamluki, wako wanaotazama Wareno, wako wanaotazama Bara Hindi. Mimi hutazama viungo. Kiti chote ni vipande vilivyonyooka, vyembamba, vilivyoingiliana kwa ndimi na matundu, na mahali pa kukalia na pa kuegemea pamefumwa kwa uzi wa pamba. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na hukua polepole mno. Si mti wa kutoa mbao pana. Fundi wa Siyu hakuulazimisha. Aliupa kazi ya mifupa, akaupa uzi kazi ya nyama. Ukipata nafasi ya kuingia Makumbusho ya Lamu, usikitazame kiti kile kwa mbali kama pambo. Inama uone pembe zake.

Milango yetu ya nakshi nayo ina mfaa, ule mhimili wa katikati ulioshikamana na ubawa mmoja na kuufunika mwanya wa pale mbawa mbili zinapokutana. Watu huusifu kwa nakshi zake. Kwa macho yangu mfaa ni kifuniko pia: mbawa zitanuke masika, zisinyae kaskazi, mwanya hauonekani wala upepo haupiti.

Bara walikata shauri jingine kabisa. Kigoda cha miguu mitatu, au kile kiti cha chifu wa Kinyamwezi chenye egemeo, kilichongwa kutoka gogo moja. Kisicho na kiungo hakilegei. Hatari yake ni kupasuka wakati wa kukauka, na ndiyo sababu mchongaji hukiweka kivulini, hukipaka mafuta, hakiachi jua likinyonye haraka upande mmoja.

Huko Uingereza, katika misitu ya vilima vya Chiltern, wakereza miguu ya viti walifanya kazi na mti mbichi makusudi, maana mbichi ni laini kwa patasi. Na viko viti vya kijijini ambavyo fundi alikausha vizuri vile vijiti vya kuunganisha miguu, lakini miguu yenyewe akaiacha na unyevu kidogo. Kijiti kikavu kinaingizwa kwenye tundu bichi; mguu ukikauka unasinyaa na kukibana. Hapo adui amefanywa kibarua.

Aliyekwenda mbali kuliko wote katika njia hiyo ni Michael Thonet, na hapa nawaomba mnivumilie nikae kidogo. Alizaliwa mwaka 1796 Boppard, mji mdogo kando ya mto Rhine, Ujerumani. Wakati wake, mguu wa kiti uliopinda ulichongwa: fundi anachukua ubao mpana, anakata umbo la mkunjo, kinachobaki ni kuni. Ubaya wake ni kwamba ukikata mkunjo kutoka ubao ulionyooka unaikata mirija, na pale penye nyuzi fupi ndipo mguu unapovunjika. Thonet akataka kuipinda mirija bila kuikata.

Miaka ya 1830 alianza kwa kupasua mbao nyembamba kama utepe, akazichemsha ndani ya gundi, akazifunga pamoja kwenye kalibu hadi zikauke. Alipata viti vyepesi, vizuri. Hakupata fedha. Wadai wakachukua mali yake, na mwaka 1842, akiwa na miaka 46, akahamia Vienna, ambako mwanasiasa mkubwa Metternich alikuwa ameiona kazi yake na kuipenda. Mwaka 1851 viti vyake vilipata nishani ya shaba katika Maonyesho Makuu ya London. Lakini lilikuwapo tatizo lililomrudia. Viti vilivyosafirishwa nchi za ng'ambo zenye hewa ya unyevu, gundi yake ililainika na tabaka zikaachana. Unyevu ule ule wa Tanga, mabibi na mabwana.

Basi akaiacha gundi. Akachukua fimbo nzima ya mti wa bichi, mti wa misitu ya Ulaya wenye nyuzi zilizonyooka, akaiweka ndani ya mvuke. Nyuzi za mti hushikwa pamoja na kitu kiitwacho lignini. Kikipata joto na maji hulainika, kikipoa na kukauka hushika upya. Kazi ingekuwa rahisi, isipokuwa kwamba ukiupinda mti, upande wa nje unavutwa na wa ndani unabanwa. Mti uliotiwa mvuke hukubali kubanwa sana, lakini kuvutwa hukubali asilimia 1 au 2 tu kisha nyuzi zinakatika. Thonet akafunga utepe wa chuma upande wa nje wa fimbo, akaukaza ncha zote mbili. Sasa upande wa nje hauwezi kurefuka. Kupinda kote kunafanyika kwa kubana. Ndiyo siri yote. Utepe wa chuma na parafujo za kubana.

Mwaka 1856 alipata hataza ya kupinda mti mzima kwa mvuke, akajenga kiwanda Koryčany, Moravia, iliyo sasa nchi ya Cheki, karibu na misitu ya bichi. Mwaka 1859 kikatoka kiti nambari 14. Mmekiona, hata kama hamkijui jina: kiti cha mkahawa, mgongo wake duara mbili moja ndani ya nyingine, kikalio cha mviringo kilichosukwa. Kina vipande 6 vya mti, parafujo 10 na nati 2. Vikiwa havijaungwa, viti 36 viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikapanda meli kwenda kila bandari. Hadi mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa kama milioni 50. Watu husema kwamba samani za kufungua na kuunga nyumbani zilibuniwa Sweden mwaka 1956, Gillis Lundgren wa IKEA alipoondoa miguu ya meza ili ienee kwenye gari. Thonet alikuwa ametangulia kwa karibu miaka 100.

Ninampenda mtu huyu kwa sababu moja. Maji yaliyoipasua meza yangu ndiyo aliyoyatumia kupinda kiti chake.

Baada yake mambo yalikwenda kasi. Msanifu Alvar Aalto wa Ufini mwaka 1933 alikipa kigoda chake miguu ya mti wa bachi, si bichi ile ya Thonet, akachanja ncha ya kila mguu kwa urefu, akaingiza vibao vyembamba vyenye gundi, kisha akaupinda. Plaiwudi ikawa ya viwandani. Na katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, Ujerumani ikipungukiwa na mbao, zikaanza kutengenezwa bodi za vipande vya mbao vilivyosagwa na kugandamizwa kwa gundi: chipubodi. Chipubodi haina upande wa urefu wala upana, kwa hiyo haichezi kama ubao. Lakini maji yakiigusa inavimba na hairudi. Ninyi mnaodeki sakafu kila asubuhi mnajua miguu ya makabati hayo inavyokuwa baada ya mwaka mmoja. Siichukii chipubodi, imewapa watu wengi kabati ambao wasingeweza kununua la mninga. Ninachosema ni kwamba isiuzwe kwa bei ya mbao, wala isisifiwe kwamba ni mbao.

Na sasa nirudi kwetu, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu unapouma. Mafundi wetu wana mikono. Nimeona kijana wa miaka 20 akikata ulimi kwa msumeno wa mkono ukaingia tunduni bila mwanga kupita. Kisha kazi hiyo nzuri inafanywa kwa ubao uliopasuliwa wiki iliyopita. Mteja anataka sofa Jumamosi. Fundi hana mtaji wa kununua mbao leo akazitumie mwakani. Mwenye duka la mbao anazisimamisha ukutani juani, zinapinda kabla hazijauzwa. Paina za mashamba kama Sao Hill zikikauka ni mbao za heshima kabisa. Zikitumika mbichi zinadhalilishwa, halafu tunasema paina haifai. Tunakimbilia mninga, ambao kweli unasinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, na kwa kuukimbilia hivyo tunaumaliza porini.

Dawa si siri. Mbao zipangwe kivulini, zimeinuliwa kutoka ardhini, kati ya tabaka na tabaka vipite vijiti vya unene mmoja vilivyonyooka juu kwa chini, hewa ipite. Ncha zipakwe rangi zisikauke kabla ya katikati. Kisha zipewe muda. Vikundi vya mafundi wanaofanya kazi mtaa mmoja wangeweza kuchangia banda moja la kukaushia, wakanunua mbao kwa pamoja, kila mwezi wakatoa zilizokauka na kuingiza mbichi. Halmashauri zinazotenga maeneo ya maseremala zitenge na kiwanja cha banda hilo.

Na kupima ukavu kunawezekana hata bila mashine. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, kipime kwenye mizani ya jikoni. Tuseme ni gramu 560. Kiweke kwenye oveni, joto la kiasi, kitoe na kukipima mara kwa mara hadi uzito ugome kushuka. Kikigota gramu 500, maji yalikuwa gramu 60, yaani asilimia 12 ya uzito mkavu. Hapo una ubao wa kufanyia meza. Ukikuta asilimia 25, urudishe kivulini.

Yule mzee wa Dodoma aliitengeneza meza yangu kwa asubuhi moja. Aling'oa misumari yote, akaitenganisha ile sehemu ya juu na fremu, akauziba ufa kwa utepe wa mninga, kisha akairudisha kwa vibao vidogo vyenye ulimi vinavyoingia kwenye mfereji wa fremu na kuteleza humo. Meza inashikwa isiinuke, lakini inaachwa ipanuke na kusinyaa itakavyo. Imepita misimu mingi, haijapasuka tena.

Basi ninawaomba hivi. Ukienda kwa fundi kuagiza meza, kitanda au mlango, usianze na rangi wala bei. Muulize mbao zimekauka muda gani, na zilikaushwa wapi. Kisha muulize ubao wa juu ameufungaje. Akikujibu vizuri, mpe muda anaouomba, hata kama ni miezi miwili, na mlipe anachostahili.